Kohozi la Mjukuu Wangu

Nimefundisha watoto wa Kiwanjani, hapa Isiolo, kusoma Kurani kwa muda mrefu, hata baadhi ya wanafunzi wangu wa kwanza sasa wananiletea watoto wao. Mtu anayekaa na watoto kwenye mkeka kila alasiri huzoea kikohozi kama mchungaji anavyozoea kengele za mifugo. Kuna kikohozi cha vumbi, ambacho huja na upepo wa kiangazi na kuondoka na mvua. Kuna kikohozi cha mtoto ambaye hakuhifadhi sura yake, ambacho huanza zamu yake ya kusoma inapokaribia na kupona zamu ikishampita. Mwenyezi Mungu amenijalia subira na vyote viwili.

Kikohozi cha mjukuu wetu hakikuwa cha aina hizo. Binti yetu analima Kinna, na huyu mtoto wake tunakaa naye sisi kwa ajili ya shule. Ni msichana mwembamba wa darasa la pili, mwenye maneno mengi kuliko meno. Alianza kukohoa mchana, kisha mchana na usiku, kisha homa ikaingia na kifua kikaanza kupiga filimbi kila anapovuta pumzi. Duka la dawa lilitupa chupa ya dawa nyekundu. Zahanati ikatupa nyingine ya rangi ya waridi. Alimaliza zote mbili, akapata nafuu, tukashukuru, kisha homa ikarudi na kutukuta bado tunashukuru.

Hapo ndipo tulipompeleka hospitali kubwa. Daktari alikuwa dada kijana mwenye sauti ya upole na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alimsikiliza mtoto kifuani mbele na nyuma, akatundika kipimo chake shingoni, akatuambia, "Mzee, huyu mtoto amepewa dawa mara mbili na kifua bado iko vile vile. Mimi sitaki kubahatisha mara ya tatu. Nataka kohozi yake iende maabara waioteshe, tujue ni mdudu gani, na ni dawa gani inaiweza."

"Waioteshe?" mke wangu aliuliza. "Kama mahindi?"

"Kama maziwa, mama. Si ukiiweka mahali pa joto inaanza kufanya mambo yake? Wanaweka kohozi kwa chakula, wanaiweka kwa joto, wale wadudu wanaongezeka mpaka wanaonekana. Ndiyo tunawapima na dawa."

Daktari alidhani amemsaidia mke wangu kuelewa. Kumbe alikuwa amemtia hofu kubwa. Mke wangu anauza maziwa ya ngamia. Madumu yake hupanda basi kwenda Nairobi, na katika miaka yote hiyo hajawahi kurudishiwa hata dumu moja. Kwa mwanamke kama huyo, kuambiwa kwamba kitu kilichotoka nyumbani kwake kitawekwa mahali pa joto na watu wakae kuangalia kama kitaota wadudu, ni sawa na kuambiwa kwamba serikali inakuja kumkagua jikoni.

Tulipewa kikombe kidogo cha plastiki chenye kifuniko. Tuliambiwa mtoto akohoe asubuhi kabla ya kula, kohozi litoke ndani kifuani, tufunge, tulete mapema.

Sasa, kwa sisi Waborana chombo hakipokei maziwa kabla ya kupokea moshi. Unachoma vijiti vya mzeituni wa porini, unaviingiza kwenye kibuyu vikiwa bado vyekundu, unafunga, unatikisa, na kile chombo kinatoka na harufu ambayo mtu wa kwetu akiisikia hata akiwa Mombasa hukumbuka mama yake. Maziwa yaliyowekwa humo hayaharibiki upesi. Kwa madumu ya plastiki mke wangu ana ujuzi wake mwenyewe, wa kuyainamisha juu ya moshi bila kuyayeyusha, na majirani huja kujifunza kwake.

Asubuhi ile nilirudi kutoka msikitini nikakuta kikombe kimefungwa vizuri, kimevingirishwa kwa kitambaa safi. Mtoto amekohoa peke yake nyuma ya pazia, kohozi limo. Nilikipeleka maabara nikiwa na furaha ya mtu aliyetimiza wajibu, nikampa mhudumu wa maabara, kijana mnene mchangamfu kutoka upande wa Meru, akaniambia tusubiri siku chache.

Tulisubiri. Mtoto aliendelea kupiga filimbi. Siku ya majibu nilikwenda na mke wangu, naye alikuwa amevaa shuka yake ya Idi.

"Mzee," kijana alisema, akiwa amekishika kile kikombe kwa vidole viwili, "hii haijaota kitu. Kitu kabisa. Hata wale wadudu wa kawaida wa mdomo hawako. Mimi sijawahi ona."

"Alhamdulillahi," mke wangu alisema, na shuka yote ikanyanyuka kwa kiburi.

"Hapana, mama, si alhamdulillahi. Mtoto anaumwa. Kuna kitu huko ndani." Akafungua kifuniko, akanusa, akamwangalia mke wangu, akanusa tena. "Na kwa nini hii kohozi inanukia nyama choma?"

Mke wangu akaanza kurekebisha shuka yake begani. Nimekuwa kwenye ndoa muda wa kutosha kuijua ishara hiyo.

"Umekifukiza," nilimwambia mke wangu.

"Sasa nikiwache hivyo? Kikombe kimetoka kwa boksi, kimeshikwa na watu hatujui, halafu niweke kitu ya mtoto wangu ndani?"

"Shosho, hiyo kikombe ilikuwa safi," kijana alisema. "Ilikuwa safi kuliko kitu yoyote hapa Isiolo. Wewe umeweka moshi na unga wa makaa, wale wadudu wote wamekufa kabla wafike."

"Si ndiyo kazi ya moshi?"

"Ndiyo, lakini sisi tunawataka wakiwa hai!"

Mke wangu alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mnunuzi aliyekuja sokoni kutafuta maziwa yaliyoharibika. "Kijana," alisema, "mimi nimeuza maziwa kabla wewe hujazaliwa. Wewe ndiye mtu wa kwanza kunirudishia chombo kwa sababu ni safi."

Tulipewa kikombe cha pili. Nilikibeba mwenyewe, mfukoni mwa koti, na nilipofika nyumbani nilikiweka juu ya kabati ya vitabu. Nilitangaza kwamba kikombe hiki hakitakutana na moshi, maji, majivu, wala mkono wa mtu mpaka asubuhi. Mke wangu alisema ni sawa, lakini watu wakija kusema nyumba yetu ina wadudu, mimi ndiye nitakayejibu.

Jioni hiyo alifika shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, kutoka Biliqo. Ni mzee wa ngamia, mrefu na mkavu, na shavu lake la kushoto daima lina donge la tumbaku. Alikuwa amesikia kwa simu kwamba mtoto ni mgonjwa, akapanda lori la mbuzi kuja kumwona. Mtu anayeacha ngamia wake wakati wa kiangazi na kusafiri na mbuzi kwa ajili ya mtoto wa mpwa wake, huyo anapenda kweli. Naliandika hili mapema ili msomaji asimhukumu kwa yatakayofuata.

Alfajiri nilikwenda kuswali. Niliporudi, kila kitu kilionekana kimefanyika kama tulivyoagizwa. Mtoto alikuwa amekohoa vizuri nyuma ya pazia lake, mke wangu alikuwa amekaa mbali na jiko ili ashuhudiwe, na shemeji alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika yai la mbuni. Alisisitiza twende naye. Njiani uso wake ulikuwa na utulivu wa mtu aliyekwisha kulitatua jambo.

Safari hii kijana wa maabara hakutaka tuondoke kabla hajachungulia. Alichukua tone, akaliweka kwenye kioo, akainamia darubini yake. Alikaa ameinama kwa muda. Kisha akasema bila kuinuka:

"Mzee, huyu mtoto ana umri gani?"

"Yuko darasa la pili."

"Na anatafuna tumbaku?"

Niligeuka kumwangalia shemeji. Shemeji alikuwa anatazama darubini kwa heshima kubwa.

"Hiyo ni mimi," alisema. "Nimeibariki."

Hapa sina budi kueleza. Kwetu, mzee akimbariki mtoto humtemea mate kidogo, hafifu kama umande, huku akimtakia amani, maisha marefu na mvua. Baraka bila mate ni maneno matupu. Shemeji alikuwa ameambiwa kwamba kile kilichomo kikombeni ndicho kitakachoamua kama mtoto atapona, na hakuna mzee wa Biliqo ambaye angeacha kitu kizito hivyo kisafiri bila baraka. Kwa kuwa jambo lilikuwa kubwa, hakutema umande. Alibariki kwa ukarimu.

"Hapa naona mate tupu," kijana alisema, sasa ameinuka na kushika kiuno. "Mate ya mzee. Nikiotesha hii itaota soko nzima, na siwezi kujua nani ni mgonjwa na nani alikuja kutembea. Wazee wangu, tafadhali. Mara ya kwanza mmewaua wote. Sasa mmealika wageni."

"Baraka haiwezi kuharibu kitu," shemeji alisema.

"Baraka haina shida, mzee. Ni tumbaku."

Sikujua kama nicheke au niombe msamaha. Hapo simu yangu ikalia. Alikuwa mke wangu. Alisema pumzi za mtoto zimekuwa fupi sana, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta hewa, na hataki kuongea. Mtoto yule kutotaka kuongea! Nilisimama pale na simu sikioni, na kicheko kilichokuwa kinanitafuta kikaniacha.

Walimlaza siku hiyo. Walimwekea mrija mdogo wa hewa puani na sindano kwenye mshipa wa mkono. Daktari wetu alikuja haraka, akamsikiliza, kisha akatuita kando, mimi na mke wangu na shemeji.

"Nimeanza ile sindano tunaanzia nayo watoto wote wa nimonia," alisema. "Inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa siyo. Kama siyo, tunapoteza siku ambazo yeye hana. Lazima nipate kohozi yake. Yake peke yake."

Hakutuangalia aliposema "peke yake," na kwa hilo namshukuru hadi leo.

Kijana wa maabara alikuja wodini mwenyewe na kikombe cha tatu. Nadhani alikuwa ameamua kwamba kikombe hiki hakitakanyaga nyumbani kwetu. Mtoto alikalishwa. Muuguzi alimpigapiga mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa, kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Kikohozi kilikuja, kizito, cha chini kabisa. Sote tulisikia kohozi likipanda. Kisha mtoto akafunga mdomo, akameza.

"Usimeze, mrembo," daktari alisema. "Tema hapa."

Akakohoa tena. Akameza tena.

"Mbona unameza?"

Mtoto alinitazama mimi, kisha babu yake wa Biliqo, kisha akainamisha kichwa. Akanong'ona kitu ambacho daktari alilazimika kuinama ili akisikie. Daktari alipoinuka alikuwa ameuma mdomo wake wa chini.

"Anasema Babu amewafundisha madrasa kwamba mtoto hatemi mbele ya wazee."

Ni kweli. Ni somo langu la wiki ya kwanza, pamoja na kuvua viatu. Nimelirudia kwa miaka na miaka, nikilalamika kwamba halisikilizwi, na sasa mtoto mmoja alikuwa amelisikiliza wakati ambao ningetoa chochote ili asilisikilize. Nilimwambia nampa ruhusa. Alinitazama kwa mashaka, kwa kuwa mimi pia ndiye niliyemfundisha kwamba wazee huwajaribu watoto.

"Wazee wote, geukeni," daktari alisema. "Angalieni ukuta."

Basi tukageuka, mwalimu wa Kurani, muuza maziwa na mwenye ngamia, tukasimama kwa mstari tukitazama ukuta wa wodi ya watoto. Ukuta huo ulikuwa umechorwa wanyama ili kuwafurahisha wagonjwa. Mbele yetu palikuwa na twiga. Nyuma yetu muuguzi aligonga, mtoto akakohoa kidogo, akasita. Bado alikuwa anaona migongo yetu, nayo ni migongo ya wazee.

Shemeji hawezi kusimama mbele ya mnyama bila kumkagua. Alimtazama twiga yule kuanzia kwato hadi pembe, akatikisa kichwa.

"Huyu mnyama ana shida ya magoti," alisema. "Na shingo imewekwa na mtu mwenye haraka. Mimi ningepewa huyu bure, singemchukua."

"Nyamaza," mke wangu alisema. "Ni twiga."

"Twiga gani ana matiti kama ya ng'ombe? Angalia. Huyu anakamuliwa."

Mke wangu aliinama kuangalia, kwa kuwa suala la kukamua linamhusu. "Wallahi, ni kweli," alisema. "Hata lita mbili atatoa."

Nyuma yetu tukasikia sauti ndogo iliyokwaruza. Mtoto alikuwa anacheka. Alicheka bila pumzi, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkamata mabega na kumtikisa, na safari hii hakikumpa nafasi ya kukumbuka adabu. Tulisikia kijana wa maabara akisema, "Hapo! Hapo hapo! Funga!" kwa sauti ya mtu aliyefunga bao.

"Geukeni," daktari alisema.

Kijana alikuwa tayari mlangoni na kikombe chake, anatembea kama mtu anayehofia kwamba mmoja wetu atakifuata. Shemeji alimwambia kila mtu wodini kwamba baraka ya asubuhi ndiyo iliyofanya kazi, ila ilichelewa barabarani.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Sindano ile ya kwanza ilishusha homa kidogo na kuiacha ipande tena. Mbavu bado zilikuwa zinaingia ndani. Nilikaa kando ya kitanda nikisoma kwa sauti ya chini, na nilipochoka mke wangu alishika zamu ya kutazama kifua kikipanda na kushuka, maana tulihisi lazima mmoja wetu atazame. Niliomba kwa maneno machache. Mtu akizeeka huona kwamba Mwenyezi Mungu hahitaji kuelezwa habari yote tangu mwanzo.

Kisha kijana wa maabara akatuita dirishani kwake, naye alikuwa anatabasamu. Alituonyesha kisahani cha duara, chekundu, na juu yake vidoa vidogo vilivyong'aa.

"Ndiye huyu," alisema. "Amekuja peke yake, safi. Hii ndiyo bakteria iko kwa kifua yake."

Tuliinama wote watatu kumtazama adui. Nakiri alikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia.

"Na hii nyekundu ni nini?" mke wangu aliuliza.

"Chakula yao. Ina damu ya kondoo."

"Damu!" Mke wangu alirudi nyuma hatua. "Wanakula damu? Haramu tupu! Ndiyo maana hawana adabu."

"Kondoo wa nani?" shemeji aliuliza.

Kijana hakujua kondoo wa nani, na nadhani jambo hilo lilipunguza heshima yake kidogo mbele ya shemeji. Alichukua kisahani kingine. Humo vile vidoa vilikuwa vimeenea kama ukungu, na juu yake alikuwa amepanga viduara vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Kuzunguka baadhi ya viduara palikuwa peupe, wadudu hawakuthubutu kusogea. Kuzunguka vingine wadudu walikuwa wamefika hadi ukingoni, wamejaa, wamestarehe.

"Hii ni ile dawa ya rangi ya waridi mlipewa," alisema, akionyesha kiduara kilichozingirwa. "Hii ndiyo sindano anapata sasa. Ona, hawajali. Lakini hii hapa..." Kiduara hicho kilikuwa katikati ya uwanja mpana ulio wazi.

Shemeji alielewa kabla yangu. "Huyo ni mbwa mkali," alisema. "Hao wengine fisi wanalala nao."

Daktari alibadilisha dawa mchana huo huo.

Kesho yake alasiri, nilitoka kuswali nikarudi wodini, nikaketi na wenzangu kwenye benchi kando ya kitanda. Wageni wengi walikuwa wameondoka. Mtoto alikuwa amelala ubavu, amegeukia ukuta. Mke wangu akanishika mkono.

"Mnasikia?" alisema.

Nilisikiliza. "Sisikii kitu."

"Ndiyo hiyo. Hakuna kitu."

Ile filimbi ilikuwa imeishi nasi kwa wiki nyingi. Tulilala nayo, tukala nayo, tukaongea juu yake. Sasa haikuwepo. Shemeji alisimama. Donge la tumbaku likaacha kusogea shavuni. Mimi nilianza kusoma, na sikumbuki nilisoma nini. Mke wangu aliinama juu ya kitanda, akaweka sikio karibu na mdomo wa mtoto, hakusikia chochote kwa jinsi moyo wake mwenyewe ulivyokuwa unapiga, akamshika mabega akamtikisa kwa nguvu ya mtu anayetikisa dumu.

"Akko!" mtoto alimpigia kelele bibi yake. "Niache nilale!"

Sauti ilikuwa nzima. Ilijaa wodi yote. Hakukohoa mwanzo wake wala mwisho wake.

"Ulikuwa hupumui!" mke wangu alisema.

"Nilikuwa napumua! Nilikuwa napumua vizuri! Nyinyi ndio mnapumua kwa sauti, mnaniamsha!" Akamwangalia shemeji. "Na babu ananuka tumbaku."

Muuguzi alifika mbio, akamwangalia mtoto, akasikiliza kifua, akatuangalia sisi. "Nani amemwamsha huyu mtoto? Ni mara ya kwanza analala vizuri tangu aje hapa. Wazee, tokeni nje wote. Mtarudi akiamka mwenyewe."

Tulitoka. Barazani mke wangu alikaa chini akalia, huku akisema kwamba hajawahi kujibiwa vibaya hivyo na mtoto, na kwamba akipona kabisa atamfundisha. Shemeji alisema hapana, mtoto anayefoka namna hiyo atakuja kuchunga ngamia wengi. Mimi nilitafuta mahali penye kivuli kati ya ndoo na viti vya magurudumu, nikauliza kibla kiko upande gani, nikasujudu kwenye saruji iliyokuwa bado na joto la mchana. Mfagiaji alisimamisha ufagio wake akanizunguka.